Siku Moja Nikitandika Bwawa la Bustani Nyali

Saa kumi na mbili asubuhi, Kisauni. Mahamri na mbaazi, chai ya rangi, kisha bodaboda hadi Nyali, zulia kuukuu nimelikunja mapajani. Kazi yangu ni bustani, na leo ni siku ninayoipenda kuliko zote: bwawa linatiwa maji.

Saa moja na nusu nafika kwa Mwalimu, mwenye bustani. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Leo tutayaona maji?" "Inshallah, kabla ya magharibi."

Shimo lishachimbwa. Huku kwetu ukivuka udongo wa juu unakutana na jiwe la matumbawe, na hapo ni mtaimbo na sululu mpaka mikono iote malengelenge. Mwalimu alilitaka chini ya mwembe, penye kivuli. Nikamsihi tulisogeze: majani yakianguka huoza majini, na yungiyungi, ua la majini, halichanui bila kupigwa na jua kwa muda wa saa tano au sita kila siku. Limekaa mbali na mti, urefu mita 2.4, upana 1.6, kina sentimita 60 katikati, na ukingo mzima una kidato cha kina cha sentimita 20. Kidato hicho ni cha mimea, tena mtoto akiteleza hukanyaga hapo kwanza. Wajukuu wa Mwalimu huja kila likizo, kwa hiyo nitafunga pia wavu wa chuma chini kidogo ya uso wa maji. Kwa hilo sikubali kubembelezwa.

Saa mbili hadi saa nne ni kupima tu kama ukingo uko sawa pande zote. Tunatumia mpira mwembamba unaoona ndani, uliojaa maji: kijana wangu anashika ncha moja upande wa ukuta, mimi nashika nyingine huku. Upande wake umeinuka sentimita nne zaidi. Kwa macho huoni kitu, lakini maji hayadanganywi. Tungeacha hivyo, upande huo plastiki ya kutandika bwawa ingebaki wazi sentimita nne, ikipigwa na jua mwaka mzima. Tukachonga, tukapima tena, tukachonga.

Saa nne, chai na viazi karai. Plastiki tumeitandaza juani ilainike.

Saa nne na nusu. Matumbawe yana meno. Napitisha kiganja shimo zima, na kila kinachonichoma nakigonga kwa nyundo. Halafu mchanga mbichi, zulia juu yake, ndipo plastiki nene ya mabwawa. Kipimo chake: urefu wa shimo, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 30 za kukunjia kila upande. Kwa hiyo mita 4.2 kwa 3.4. Tunaishusha pekupeku, viatu tumeacha nje.

Adhuhuri inaadhiniwa, tunaacha kazi. Swala, kisha wali wa nazi na samaki aliotuandalia mke wa Mwalimu, Mungu ambariki.

Saa nane. Mwalimu anauliza kwa nini tusivute maji ya kisima, yapo tele na ni ya bure. Nimeyaonja: yana chumvi, kama visima vingi karibu na bahari. Yungiyungi halitayastahimili. Tunatumia maji ya mfereji kutoka tangini. Bwawa litachukua kama lita 1,800. Ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika moja na nusu, basi ndoo 90 ni saa mbili na robo.

Maji yanapopanda, uzito wake unaivuta plastiki, nami nimepiga magoti nikikusanya mikunjo midogo midogo kuwa mkunjo mmoja mkubwa kwenye kona, kabla maji hayajaubana. Ukichelewa, hauvutiki tena. Mawe bapa ya Mazeras hatuyaweki ukingoni mpaka bwawa lijae. Plastiki ikibanwa mapema hunyooka kupita kiasi.

Saa kumi na robo, maji yamefika ukingoni pande zote sawasawa. Mwalimu amezunguka bwawa kimya, kisha akaniuliza lile ambalo kila mtu Mombasa huuliza: na mbu je? Ni swali la haki, dengi na chikungunya tumezionja mji huu. Kwa joto letu yai la mbu huwa mbu kamili kwa siku kama saba hadi kumi. Perege wadogo wanakula viluwiluwi vya mbu, lakini siwezi kuwatia leo, maji ya mfereji yana klorini. Yakae wazi siku mbili tatu yakipigwa na jua na kukorogwa, ndipo samaki waingie, kabla mbu hawajawahi.

Saa kumi na moja tunapanga mawe na kuosha karai. Namwachia Mwalimu neno la kiangazi: jua la kaskazi litayapunguza maji, na chumvi haipandi na mvuke, inabaki. Akiongezea ya kisima kila wiki, bwawa litageuka chumvi polepole. Aongezee ya mfereji, kidogo kidogo, au ya mvua kutoka paani.

Jumamosi narudi na perege, na yungiyungi kwenye beseni la udongo lililofunikwa kokoto.