Ukikosa udada mkuu, omba hesabu ya kura ya kila mkondo

Nilipokosa udada mkuu katika uchaguzi wa viranja shuleni, nilishauriwa mambo mawili: "achana nayo, soma" na "umeibiwa, goma". Yananikera mpaka leo, maana wadogo zetu hapa Mwanza wanaambiwa hayohayo kila viranja wapya wanapotangazwa mstarini. Mimi nilisaidiwa na hesabu.

Kura zikipigwa darasani, mkondo kwa mkondo, mwalimu msimamizi huwa na karatasi ya kila darasa kabla ya kujumlisha. Iombe hiyo. Subiri joto lipoe, nenda na shikamoo yako, na usitamke neno "kuhakiki", kwa sababu litasikika kama tuhuma. Nilisema, "Mwalimu, naomba kujua darasa lipi halikunichagua, nijifunze." Nikaruhusiwa kunakili. Usilinganishe kura kavukavu: kura 12 katika darasa la watu 60 ni asilimia 20, lakini kura 10 katika darasa la watu 40 ni asilimia 25. Kidato cha tatu na cha nne walinipa. Cha kwanza, chenye mikondo mingi kuliko vyote, kiliniangusha.

Kujua sababu ndiyo kazi. Kuuliza ana kwa ana hakukuzaa kitu: marafiki walinivika kilemba cha ukoka, na wadogo waliitikia tu, "Dada, ulikuwa vizuri." Nikatafuta boksi tupu la chaki la kukusanyia majibu ya siri, nikalitoboa juu, nikakata karatasi za daftari vipande vinne vinne. Swali liwe moja: "Kwa nini ulimchagua mwingine?" Ukiuliza mawili, wanajibu lile jepesi. Waandike kwa Kiswahili, bila jina, kwa herufi kubwa ili miandiko isitambulike. Boksi libaki kwa monita hadi mapumziko, na wewe ukae mbali. Ukisimama pale utaandikiwa sifa. Gharama yake ni daftari moja la bei rahisi, basi.

Majibu yalikuwa dhahabu. "Sikuelewa ulichosema." Sera tulizinadi mstarini kwa Kiingereza, na watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wametoka shule za msingi za Kiswahili miezi michache tu nyuma. Mshindi aliwafuata bombani akawaeleza kwa Kiswahili. Wanaorudi nyumbani Igombe na Kayenze kila siku waliandika kwamba kampeni za jioni ziliwakuta wameshawahi daladala. Mmoja aliuliza kuhusu ahadi yangu ya nyama, "Nyama utaitoa wapi?" Swali zuri sana! Bajeti ya chakula haiko mikononi mwa dada mkuu. Ahidi kitu ambacho kiranja anaweza kukipanga mwenyewe: foleni, zamu, usafi, ratiba ya kujisomea.

Kwa hiyo nilipopewa ukiranja wa chakula niliupokea, ingawa wenzangu waliuona mdogo. Kidato cha kwanza walikuwa wakila mwisho kila siku kwa sababu wakubwa waliwasukuma. Nikapanga kidato cha kwanza waanze Jumatatu, cha pili Jumanne, cha tatu Jumatano, cha nne Alhamisi, na Ijumaa warudi tena kidato cha kwanza, kwa kuwa ndio wengi. Ratiba ibandikwe mlangoni ikiwa na sahihi ya mwalimu wa zamu, la sivyo kidato cha nne hawaiheshimu.

Zamu peke yake haitoshi. Makande huisha kabla ya watu kwa sababu wa mwanzo hujaziwa na wa mwisho hukwanguliwa. Tumia upawa wa aina moja kwa wagawaji wote, na sufuria ikorogwe hadi chini kila baada ya sahani kumi hivi. Mahindi na maharage hutuama. Usipokoroga, wa kwanza wanapata mchuzi mtupu na wa mwisho wanapata makavu. Tulipofanya hivyo, malalamiko ya sahani tupu yalikoma, na hilo najivunia kuliko cheo nilichokikosa.

Uchaguzi uliofuata, wagombea walikuja kuniomba majibu ya boksi. Niliwapa yote, kisha tukaenda pamoja kumwomba mwalimu kila mgombea apewe dakika mbili za Kiswahili katika kila mkondo wa kidato cha kwanza, asubuhi, wakati wanafunzi wa Igombe wameshafika. Akakubali.