Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima kwenye mikaratusi mizee ya Dryandra

Watu wa nyumbani wakiniuliza nafanya kazi gani huku Australia nikisema natembea porini wanacheka, wanaona nawaficha. Basi leo niwaandikie siku moja nzima, ya juzi tu hapa, mwisho wa Septemba, tangu naamka mpaka navua viatu. Kazi yenyewe ni usaidizi wa watafiti, tunahesabu dalili za wanyama ndani ya pori la mikaratusi ya zamani linaitwa Dryandra, kusini mashariki mwa Perth, mwendo wa kama saa mbili kwa gari. Na tunatembea nje ya njia, yaani njia ya watalii tunaiacha kule tunaingia katikati ya miti tu.

Saa kumi na nusu alfajiri. Alamu. Nakaa Narrogin, mji mdogo wa wakulima wa ngano, na asubuhi za mwezi huu bado baridi inauma sana. Chai ya tangawizi kwenye chupa, chapati mbili za jana, maharage kwenye kontena, maji lita tatu. Maji hayana mjadala, huko ndani hakuna mto wa kutegemea wala bomba.

Saa kumi na moja na nusu mzee kanipitia na pikapu. Namwita Mzee tu, mwanzoni hakupenda, nikamwelewesha kwamba kwetu hilo ni jina la heshima, sasa hivi akipiga simu ofisini anajitambulisha hivo hivo. Tunaenda polepole maana saa hizi kangaruu wanavuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia. Pembeni ni ngano na kanola (zao la mbegu za mafuta), ngano na kanola, ua lote la njano mpaka unachoka kuangalia, halafu ghafla shamba linaisha na pori linaanza. Eneo hili lote la Wheatbelt zamani lilikuwa pori, likafyekwa kwa ajili ya ngano na kondoo, kilichobaki ni vipande vipande kama hiki, na Dryandra yenyewe imepewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2022 tu.

Saa kumi na mbili na nusu tuko getini. Kuna kibao chekundu kinaonya kuhusu sumu ya 1080, hiyo nitaieleza chini. Kabla ya kuingia tunasugua buti kwa brashi, tunatoa udongo wote, halafu tunapuliza spiriti kwenye soli, kwa sababu kusini magharibi huku kuna ugonjwa wa mizizi unaoua miti na unasafiri na tope la viatu vya watu kama sisi. Kisha redio, GPS, dira, na kile kifaa cha kuita uokoaji kwa setilaiti ambacho mimi nakivaa kifuani, sio kwenye begi, maana ukianguka begi linaweza kuwa mbali. Mzee anapiga simu ofisini anaacha maelezo: tumeingia hapa, tunatokea pale, tusiposikika mpaka saa kumi jioni mtutafute.

Saa moja tunaacha njia.

Sasa hapa niseme ukweli kuhusu huu mkaratusi. Mimi ni mtu wa Mufindi, kwetu tunaita mlingoti, na nimekua nikiujua kama mti wa mistari. Unapandwa kwa kamba, unanyooka, ukifika saizi ya nguzo unakatwa unapakiwa kwenye lori. Chini yake hakuna kitu, majani makavu tu. Ndio mkaratusi niliokuwa naujua. Kumbe kwao, hapa ulikozaliwa, hauko hivo kabisa. Mti mkuu hapa unaitwa wandoo, shina jeupe lenye mabaka ya kijivu na njano, umejipinda, umevimba hapa, umekatika tawi pale, na miti imeachana kiasi kwamba jua linafika chini na unaona mbali kati ya shina na shina. Chini kuna vichaka vya miba, nyasi ngumu, na mwezi huu maua madogo madogo kila mahali, mengine huyaoni mpaka upige goti.

Na kutembea humo sio rahisi kama picha zinavyoonyesha. Pori liko wazi, unaweza kwenda popote, na hapo ndipo tatizo linapoanzia kwa sababu miguu inapenda kufuata uwazi, inakwepa gogo kushoto, inakwepa kichaka kushoto tena, baada ya robo saa uko mbali na mstari wako na kila mti unafanana na mwenzake. Sisi tunatakiwa twende mstari mnyoofu, mimi upande huu Mzee upande ule, kila mmoja anamwona mwenzake. Anachofanya yeye ni kuchagua mti mmoja mbele kwa dira, anautembelea ule mti bila kuangalia kitu kingine, akifika anachagua mwingine. GPS anaifungua kuhakikisha tu. Ikikosekana dira kuna jua, huku mchana jua liko upande wa kaskazini mwaka mzima, kwa mtu wa kwetu ambaye amezoea linahama kusini na kaskazini inachukua muda kichwa kukubali.

Saa mbili mpaka saa nne ni kuinama. Tunachotafuta ni vijishimo. Kuna mnyama anaitwa numbat, ni mnyama nembo wa jimbo hili la Australia Magharibi, hafiki hata kilo moja, mgongoni ana mistari myeupe ya kukatiza na jichoni mstari mweusi, na chakula chake ni mchwa tu, mchwa mtupu, kama 20,000 kwa siku wanasema. Lakini hana nguvu ya kubomoa kichuguu. Anasubiri mchwa wapande kwenye vijia vyao vya juu juu karibu na uso wa ardhi, ananusa, anachimba kidogo tu na vidole, anaingiza ulimi. Kwa hiyo ratiba yake ni ya mchwa, siku za baridi anatoka mchana kukishapata joto, kiangazi kikikaza anatoka asubuhi na jioni. Anafanya kazi mchana na kulala usiku, wanyama wachache sana wa aina yake huku wana tabia hiyo.

Shimo lake ni dogo, halina kina, lina alama za kucha na udongo umetupwa nyuma. La echidna, mnyama wa miba kama nungunungu, ni kubwa na limevurugwa, yule anaingiza pua na bega. La woylie, mnyama mdogo wa jamii ya kangaruu, linaenda chini kama faneli, anatafuta uyoga wa ardhini. Mwanzoni yote niliona ni mashimo, sasa naweza kubishana na Mzee na wakati mwingine nashinda. Unaandika shimo, unapima, unapiga picha na rula pembeni, unasonga.

Halafu magogo. Asikwambie mtu, roho ya pori hili ni magogo. Wandoo ikizeeka mchwa wanaingia moyoni wanakula katikati, mti unabaki hai kwa nje na majani yake juu huku ndani ni bomba. Tawi kubwa likianguka linaanguka likiwa tayari na uwazi ndani, na ndilo numbat anakimbilia mwewe akipita, ndilo analala. Tulipiga magoti mbele ya gogo moja nikamulika tochi ndani: kuta laini zimekwanguliwa na mchwa, rangi ya chokoleti, mwishoni rundo la nyasi na magome yaliyochanwa nyuzi nyuzi, limebonyea katikati. Kitanda cha mtu hicho. Mwenyewe hakuwepo, au alikuwa kona ambayo tochi haifiki. Mzee akaweka alama, tukaondoka haraka, unajua tena mwezi huu watoto wanaweza kuwa karibu.

Juu ya miti ni hadithi hiyo hiyo. Australia hakuna kigong'ota hata mmoja, hakuna ndege wa kutoboa mti, kwa hiyo tundu linatengenezwa na mchwa, uyoga na moto tu, na tundu la kutosha kakatua mweusi, yule kasuku mkubwa, kutagia linataka mti wa zaidi ya miaka mia. Huwezi kulipanda, huwezi kuliharakisha. Ndio maana ukiona kwenye fomu yetu kuna kipengele cha "mti uliokufa umesimama" usishangae, huo nao unahesabiwa na una namba yake.

Saa nne na nusu tukapanda kwenye mgongo wa kilima, udongo mwekundu wa kokoto. Hapa wandoo inaisha inaanza ndugu yake, powderbark, kwa mbali huwezi kutofautisha. Unapitisha kiganja kwenye shina. Ukitoka mweupe, poda kama ya mtoto mchanga mkononi mzima, ni powderbark. Suruali zangu zote za kazi zina alama za viganja.

Na hapo hapo kilimani ndipo kuna ile mimea ya sumu, vichaka vidogo vya maua ya chungwa na mekundu, jamii ya kunde. Hii mimea ina kemikali ile ile iliyomo kwenye sumu ya 1080. Walowezi walipoleta kondoo, kondoo hao walikufa sana kwa kuila. Lakini wanyama wa hapa wameishi nayo maelfu kwa maelfu ya miaka, miili imezoea, dozi inayoua mbweha wao wanaivumilia vizuri kabisa. Mbweha mwekundu na paka wameletwa na Wazungu, hawana kinga hiyo. Kwa hiyo serikali inatupa vipande vya nyama vyenye 1080 porini, kwa mpango mkubwa tangu 1996, mgeni anakufa mwenyeji anabaki. Mi niliposikia mara ya kwanza nilidhani Mzee ananipiga kamba. Hapa Dryandra walianza kujaribu mapema zaidi, miaka ya 1980, na numbat wakaonekana kuongezeka. Ila mbweha alipopungua paka akaona nafasi, na paka hapendi nyama ya kuokota, anataka kuua mwenyewe.

Saa tano na ushee tukakuta rundo la udongo na majani makavu, upana wake hata nikilala na mikono nimenyoosha sifiki. Ni kiota cha malleefowl, ndege mkubwa wa ardhini. Dume ndio mwenye kazi, anakusanya takataka kwa miguu, zinaoza zinatoa joto, mayai yanafukiwa humo, na yeye kila siku anafukua na kufunika kuweka joto lisitoke sana kwenye digrii 33 hivi. Hana kipimajoto, anaingiza mdomo. Lilikuwa limefukuliwa asubuhi ile ile, udongo wa juu bado una unyevu. Tukazunguka kwa mbali.

Saa sita chakula, juu ya jabali. Nzi. Nisiandike mengi kuhusu nzi, nitakasirika. Chapati nilikula ndani ya wavu wa kofia.

Saa saba tukakatiza sehemu ambayo kwa kweli ilinipeleka nyumbani. Mistari! Mikaratusi ya mistari, imenyooka, imebanana, chini kumekauka. Ni mallet, waliipanda kuanzia miaka ya 1920 kwa ajili ya magome yake, yana tanini ya kuchakata ngozi. Biashara ilishakufa. Lakini Mzee akanifafanulia kitu, kwamba eneo hili lilizuiliwa lisigawiwe kwa wakulima sababu ya hiyo mallet, na ndio ikaponyesha wandoo jirani. Tulitembea ndani ya mistari ile zaidi ya nusu saa, fomu yangu haikupata hata shimo moja. Miti ina karibu miaka mia na bado haijapata matundu ya maana.

Saa nane kamera. Tuna kamera zimefungwa kwenye miti zikitazama magogo, tunabadili betri na memori kadi, na tunaangalia harakaharaka kwenye skrini. Ya kwanza picha maelfu za jani moja likicheza na upepo. Ya pili echidna, matako tu. Ya tatu numbat, mchana kweupe, anatoka gogoni amenyanyua mkia, safi kabisa, Mzee akapiga makofi. Nikabonyeza mbele, siku mbili baadaye, alfajiri, gogo lile lile. Paka. Amekaa mbele ya mdomo wa gogo, na picha inayofuata bado amekaa, na inayofuata. Baada ya hapo hakuna numbat mpaka mwisho wa kadi. Mzee hakusema kitu, akaandika kwenye fomu, herufi kubwa. Inaweza kuwa amehamia gogo lingine, wanayo mengi.

Saa tisa tumetoka, simu ikashika mtandao, kwetu ilikuwa saa nne asubuhi. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, leo umetembea tena?"

Nikamwambia habari ya miti yenye matundu, kwamba ule uliooza ndani ndio tunaulinda kuliko wote.

"Hee! Mti una tundu mnauacha umesimama? Kaka yako nguzo ikionekana na ufa tu wanamrudishia, anabaki kuchoma mkaa."

"Mama, huku sio nguzo."

"Sasa si wangekata kuni."

Tukacheka, salio likaisha.

Saa kumi tumeripoti ofisini kwamba tuko salama, buti tena kwenye brashi na spiriti. Saa kumi na moja jioni mpaka saa moja usiku ni laptopu, kuingiza mashimo yote, picha, namba za miti, na hapa ndio kazi inachosha kuliko kutembea. Picha za yule paka nimezituma kwa wahusika, wataamua kama waweke mtego.

Saa mbili usiku maji ya moto na ukaguzi wa kupe: nyuma ya magoti, kwapani, kwenye mstari wa soksi. Nimekuta wawili. Kesho kipande cha kaskazini, Mzee anasema kina vichaka vya miba mpaka kiunoni, kwa hiyo naenda na suruali ile nene.