Zawadi za Krismasi: Jiko la Presha, Blenda na Mtoto wa Mbwa

Krismasi iliyopita mawifi zangu walituletea jiko la presha la umeme na blenda, na jioni yake kaka yangu akateremka kutoka Lushoto na mtoto wa mbwa ndani ya kapu. Vyombo vile vinaniokolea muda mwingi hapa nyumbani Chumbageni, mjini Tanga, na sehemu kubwa ya muda huo sasa anauchukua mbwa. Ndiyo maana naamini kwamba mbwa hafai kupelekwa zawadi kwa watu ambao hawajakaa wakapanga nani atamhudumia na saa ngapi.

Maharage makavu juu ya mkaa yalikuwa yakinishikilia jikoni saa mbili na zaidi, nikipepea na kuongeza maji, ilhali ndani ya presha maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa takribani nusu saa, kwa kuwa mvuke uliofungiwa huyafanya maji yapate moto kupita nyuzi 100. Wengi huhofia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Jiko la wati 1,000 hula uniti 1 likiwaka saa nzima bila kukatika, na hili hujizima na kujiwasha lenyewe presha ikishapanda, kwa hiyo sufuria ya maharage haifikishi hata uniti hiyo.

Blenda nayo ni nzuri kwa tui la wali: nazi hukatwa vipande vidogo, hutiwa maji ya vuguvugu, husagwa na kuchujwa. Kwa mchuzi wa samaki, hata hivyo, bado nakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu nazi iliyokunwa hukamuliwa tui la kwanza zito kwa maji kidogo sana, na blenda haisagi bila maji ya kutosha.

Simba, kama watoto walivyomwita mbwa huyo, hali makombo yetu. Karibu kila mchuzi wa nyumba hii una kitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kumtoboa utumbo. Anapikiwa chake, ugali laini na dagaa waliochemshwa bila chumvi, katika sufuria yake iliyotiwa alama ya rangi nyekundu kwenye mkono.

Alama hiyo ina sababu nyingine. Majirani zetu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Sahani huvuka ua huu na ule kila siku, hasa wakati wa futari, kwa hiyo ilinipasa niende kwa bibi wa nyumba ya pili kabla hajasikia mbwa akibweka. Nilipiga hodi, nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mfugeni, mwanangu, naye ni kiumbe wa Mungu, ila asivuke kizingiti changu.” Kaka alifunga lango la wavu kesho yake.

Lililobaki ni chanjo, na hapo sikubali mzaha. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa, huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki 6 hadi 8 na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, na ya kichaa cha mbwa hutolewa akitimiza miezi 3. Watoto wetu wamefundishwa pia kwamba wakiumwa na mbwa yeyote waseme mara moja, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha waende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Simba ameshapata sindano ya kwanza kwa daktari wa mifugo; zilizobaki atalipia kaka, kwa kuwa nilimwambia waziwazi kuwa hizo ni sehemu ya zawadi yake, naye amekubali.