Kunakili Morro Velho: ubao wa tatu

Ubao wa tatu bado unanata. Nilizidisha mafuta ya kitani, na mvua za wiki hii ndizo zimemaliza kabisa.

Mradi ni uleule: kunakili kwenye plaiwudi picha za Marianne North, mchoraji wa mimea Mwingereza aliyefika Morro Velho, Minas Gerais, Brazili, mwishoni mwa 1872, akakaa miezi kadhaa nyumbani kwa msimamizi wa mgodi wa dhahabu. Mgodi ulikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza, St. John d'El Rey, tangu 1834. Leo picha zake zaidi ya 800, za huko na kwingineko duniani, zimebanana ukutani kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, kama kanga dukani. Nami niko Geita. Kampuni iliyorithi migodi ya Morro Velho, AngloGold Ashanti, ndiyo yenye mgodi mkubwa wa hapa kwetu. Udadisi wangu ulianzia hapo.

Kijani kimenitesa. Nilikuwa nakitumia kama kilivyotoka kwenye tyubu, majani yakawa ya plastiki. Sasa nakitia nyekundu ya udongo kidogo sana, ncha ya kisu tu, na kinatulia.

Nilipofika kwenye majengo ya mgodi, mkono ukasita. Majani ya North utayatambua moja moja kwa majina. Mtu kwake ni nukta mbili za brashi. Na watu wa pale wana habari nzito. Mwaka 1845 kampuni ilikodi watumwa 385 waliokuwa wa kampuni nyingine, Cata Branca, kwa mkataba kwamba baada ya miaka 14 wawe huru. Piga hesabu: 1859. Hawakuachiwa. North anachora maua, waliobaki hai bado wanatumikishwa! Joaquim Nabuco, mbunge wa Brazili aliyepinga utumwa, aliianika kashfa hiyo bungeni 1879, na utumwa wenyewe Brazili ukafutwa 1888.

Juzi usiku niliwaongeza watu kumi na wawili kwenye ubao. Asubuhi nikawafuta kwa kitambaa cha tapentaini. Nakala iwe nakala. Alichokiacha nje kibaki nje, na atakayetazama aone pengo.

Ubao wa nne nimeshaupaka andakoti, rangi ya udongo mtupu. Huo sinakili. Nauanza na watu, majani yatakuja kama nafasi itabaki.