Nilivyobadilisha nyuzi zote za gita lenye tremolo bila briji kulala

Hapa Kisumu nyuzi za gita hazikai kabisa, joto, unyevu wa ziwa na jasho la mtu anayepiga benga mpaka usiku wa manane, na benga nayo kidole kinashinda kwenye zile nyuzi nyembamba huko juu karibu na mwili, basi ndio zinaanza kukwaruza mapema. Gita langu ni la umbo la Stratocaster, lile kampuni ya Fender walilotoa mwaka wa 1954, na tremolo yake, ule mkono wa kutikisa sauti, ni ya mtindo huo huo, yaani briji, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gita, inaelea.

Kila mtu hukwambia toa uzi mmoja weka mmoja. Ni ushauri mzuri na kama unarudisha saizi ile ile fuata tu huo. Lakini mimi nilitaka kusafisha ubao wa freti vizuri, uchafu ulikuwa umeganda, halafu nilikuwa nahama kutoka seti ya 9 kwenda ya 10, yaani nyuzi nene kidogo, kwa hivyo lazima zote zingetoka.

Sasa hii briji ni mchezo wa kuvutana kamba, nyuzi sita zinavuta upande mmoja, springi za nyuma zinavuta upande ule mwingine, na ukitoa nyuzi zote springi zinashinda, mkia wa briji, yaani ukingo wake wa nyuma, unalala kwenye mbao. Dawa niliyotumia ni kadi za ATM zilizoisha muda. Kadi moja ina unene wa kama milimita 0.76, nne zinafika milimita 3, na hapo ndipo mkia wangu ulikuwa unaelea. Nikazisukuma chini ya mkia nyuzi zikiwa bado zimekaza, ndio nikaanza kulegeza. Briji haikusonga hata kidogo.

Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikatoa nyuzi kuukuu, nikapangusa ubao, nikapaka penseli kwenye mifereji ya nati ya juu, kile kipande nyuzi zinapopita kuelekea kichwa cha gita, ili uzi uteleze usikwame. Nyuzi mpya zinaingilia nyuma kwenye bloki ya chuma, zile nyembamba nilizungusha mara tatu kwa pegi, vile visukumo vya kutyuni, nene mara mbili inatosha.

Kutyuni ndiko kunataka roho ngumu jamani. Ukipandisha uzi mmoja wengine wanashuka, manake briji imevutwa mbele, unazunguka tena na tena. Na kwa sababu seti ya 10 inavuta zaidi, mkia ukainuka mpaka kadi zikalegea zenyewe. Hapo usipambane na pegi! Nenda nyuma, kuna kibamba kinachoshikilia springi na skrubu mbili ndefu, nikakaza kila moja nusu mzunguko, nikatyuni upya, nikaangalia mkia, nikakaza tena kidogo. Ukihamia nyuzi nyembamba unafanya kinyume, unalegeza.

Briji ilipokaa sawa na kadi zimetoka, nikavuta kila uzi taratibu kwa vidole, nikatyuni, nikavuta tena mpaka ukaacha kushuka. Halafu nikabonyeza mkono wa tremolo hadi chini nikauachilia, na G, ule uzi unaosumbua watu wengi, ukarudi pale pale. Kifuniko cha nyuma sijakirudisha, seti ijayo nitapitisha nyuzi bila kutafuta bisibisi.