Siku yangu moja na boda: simu kwenye usukani, kifaa cha bosi chini ya siti

Saa 11:30 alfajiri, Sinza, Dar es Salaam

Kabla sijapiga kiki naishika holda ya simu na kuitikisa. Ikicheza hata kidogo, nakaza skrubu. Injini ya pikipiki inatetemesha kila kitu, na simu iliyofungwa kwenye usukani inaupata mtetemo huo kutwa nzima. Mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe iliwatahadharisha wateja kwamba mtetemo wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuharibu kamera za iPhone, maana ndani yake mna vipande vidogo vinavyocheza ili picha itulie. Boxer yangu haina injini kubwa, ila makorongo ya mtaani yanafidia. Ndiyo maana simu ya usukani ni ile kuukuu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Nzuri inakaa mfukoni kwa ajili ya kuongea na wateja. Chini ya holda nimezungushia kipande cha tyubu, nacho kinapunguza kidogo.

Chaja fundi aliiunga kwenye waya unaopitia swichi, akaweka na fyuzi. Nikitoa ufunguo, nayo inazima. Wenzangu waliounga moja kwa moja kwenye betri, kuna asubuhi wanasukuma.

Saa 12:15, kijiweni

Ubishi wa kila siku. Tuna mkongwe wetu, tunamwita Babu ingawa hata hamsini hajafika. Kwake ramani ya simu ni ya wageni, na tena inakula bando. "Mtoto wa mjini unaulizaje njia setilaiti?"

Namjibu lile lile. Setilaiti hata hazijui kama upo. Zile za GPS za Wamarekani ziko juu kama kilomita 20,200, zinatangaza muda na mahali zilipo, na simu inasikiliza tu, kama redio. Ikizisikia angalau nne inapiga hesabu ya ulipo. Simu nyingi za sasa zinasikiliza na za Urusi, za Ulaya na za China. Hapo hakuna bando linaloliwa. Kinachokula bando ni picha ya ramani na taarifa za foleni. Mimi ramani niliishusha usiku kwenye programu inayofanya kazi bila intaneti, kwa hiyo hata bando likikata, kidoti kinatembea.

Babu anaitikia, "Haya, mwalimu." Kesho atauliza tena.

Saa 1 asubuhi, Kariakoo

Abiria wa kwanza ni dada mwenye duka la vitenge. Morogoro Road ninaijua, simu ya nini? Inaniwakia foleni ya Magomeni, nakata ndani, basi. Njia ya mwendokasi siigusi hata programu ikiiona nyeupe.

Tukiingia Kariakoo naizima sauti kabisa. Maghorofa yamebanana, mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta huu na ule kabla ya kufika kwenye simu, na kidoti kinaruka kutoka Mtaa wa Kongo kwenda Msimbazi na mimi nimesimama palepale. Halafu nusu ya mitaa imepangwa meza za wamachinga. Ukifuata mshale hapo utamgonga mtu.

Saa 3:40, oda ya Mbezi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mteja amenipigia: "Kaka, chukua mzigo Mwenge, peleka Mbezi." Mbezi ipi? Kuna Mbezi Beach, upande wa Bagamoyo Road, na kuna Mbezi Luis, Morogoro Road, kunakokaribia Stendi ya Magufuli. Mtu anayekaa huko haoni kama kuna Mbezi nyingine duniani. Nikamwomba anitumie lokesheni.

Ikaja. Naifungua, inaonyesha Posta, katikati ya jiji. Nimeshajifunza kuuliza kabla ya kuwasha: "Dada, hii ni ya nyumbani au ya hapo ulipokaa sasa?" Kimya kidogo, kisha kicheko. Yuko ofisini. WhatsApp inatuma ulipo, haitumi unapoishi, mpaka uisogeze pini mwenyewe kwenye ramani. Tukaelewana ampigie dada wa kazi nyumbani atume ya kule. Ikaja ya pili: ni Goba! Kumbe "Mbezi" ilikuwa ya kurahisisha tu.

Faida yake hasa kwangu iko kwenye bei. Zamani ulikuwa unakubali "Mbezi" kwa bei ya Mbezi, ukifika unaambiwa "songa mbele kidogo," na kidogo hiyo ni milima miwili. Sasa nampa kilomita kabla mzigo haujafungwa. Watu wanabishana na dereva. Ila na namba iliyo kwenye kioo cha simu hawabishani sana.

Sauti inakuja kwenye sikio moja, la kushoto, ndani ya helmeti. La kulia naliacha kwa ajili ya honi na malori. Kioo sikitazami nikiwa kwenye mwendo. Nikitaka kuona, napaki pembeni. Vijana wanaosoma meseji kwenye usukani huku wanapita katikati ya daladala mbili, mimi sipandi nyuma yao hata kwa bure.

Saa 5, Goba

Programu imenipa njia mbili: ya lami, ndefu, na ya bondeni, fupi. Juzi mvua ilinyesha. Nikasimama kwenye genge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda ng'ambo?"

"Ndiyo. Kwa hapa chini panapitika?"

"Watoto wanapita kwa miguu. Wewe na hilo dude lako utalala humo."

Kidaraja kimekwenda na maji, imebaki nguzo moja ya mti na kamba. Kwenye ramani ni mstari safi kabisa. Nikapiga picha, nikageuza. Kwa uzoefu wangu simu ni ya kukufikisha mtaani; kuanzia hapo msaada ni mama wa genge, na ukinunua hata nyanya za mia tano anakuonyesha mpaka rangi ya geti.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie. Simu imepata moto hadi imekataa kuchaji, kioo kimejififiza chenyewe. Jua la saa sita na saba ndilo adui wake, na anayefuata ni mvua: matone yakitua kwenye kioo yanabonyeza ovyo, unajikuta umepiga simu kwa shemeji. Naitoa kwenye holda, naiweka kivulini. Siiweki kwenye barafu kama jamaa mmoja alivyofanya. Ukungu ulijaa ndani ya kioo.

Pale sheli ya Mwenge huwa wanapita wageni wenye pikipiki za safari ndefu, wale wa Cairo hadi Cape Town, wamefunga Garmin, kifaa cha kuonyesha njia tu. Kile kifaa kimetengenezwa kwa kazi hiyo: maji hayaingii, kinabonyezwa ukiwa na glovu, juani kinasomeka. Ningekuwa navuka Sahara ningekitaka. Kwa kuzunguka Dar, fedha yake ni bora niinunulie matairi.

Saa 9 alasiri, Nyerere Road

Mzigo wa Kipawa. Pale TAZARA, juu ya Daraja la Mfugale, sauti inaniambia nikate kulia. Nikikata naruka hewani. Simu inajua vizuri uko wapi kwenye ramani, ila juu au chini ya daraja inababaika. Ubungo nako, Daraja la Kijazi, ni hivyohivyo.

Nyumba yenyewe niliipata bila kupiga simu. Tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi ina nguzo zenye jina na nyumba zina namba. Shida ni kwamba wateja wengi hawazijui namba zao wenyewe. Wanakuelekeza kwa mti uliokatwa, au kwa baa iliyofungwa.

Saa 1 usiku

Giza likiingia kioo nakiweka rangi ya usiku, kisinipofushe. Pini ya mtaa nisioujua, kwa mteja nisiyemjua, naikataa. Ikibidi niikubali, natuma lokesheni inayotembea kwa Babu. Ndiyo, Babu huyohuyo. Anakaa kijiweni anakitazama kidoti changu, na kikisimama muda mrefu anapiga.

Saa 3 usiku, nyumbani

Kabla ya kulala naingia OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuirekebisha. Mitaa kama Tandale ilichorwa humo na wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe, na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliendeleza kazi hiyo kwenye kata zinazofurika. Nimekiwekea kile kidaraja cha Goba alama kwamba hakipitiki. Dakika tano tu, na hakuna anayenilipa.

Halafu bosi. Chini ya siti kuna kifaa kingine, kina laini yake, kinamtumia mahali ilipo pikipiki, na akitaka anaizima injini akiwa kitandani. Sikilaumu, pikipiki zinaibwa. Ila kinamwonyesha nimesimama bila kumwonyesha kwa nini.

"Dogo, saa tano ulikuwa unafanya nini Goba muda wote ule?"

Nikamtumia picha ya kidaraja. Akajibu kwa kidole gumba, akaulizia hesabu ya leo. Tuko kwenye mkataba, nikimaliza marejesho pikipiki ni yangu. Nimeshamwambia fundi kwamba siku hiyo kifaa hakitoki. Tutabadilisha tu namba ya kupokea.