Fremu 20: jioni ya Der letzte Mann

Majaribio yalianza saa tisa alasiri, katika ukumbi mdogo wa sinema Berlin, watazamaji wakitarajiwa saa mbili usiku. Filamu ni Der letzte Mann, filamu bubu ya F. W. Murnau ya mwaka 1924, kopi ya milimita 35 katika mikebe mitano. Nilipachika rili ya kwanza, projekta nikaiacha kwenye mwendo wake wa kila siku, fremu 24, yaani picha 24 za mkanda, kwa sekunde. Hapo ndipo nilipokosea: kwa filamu hii mwendo huo ni wa kasi mno.

Emil Jannings ni bawabu mzee wa hoteli ya Atlantic, na uzito wa mwili wake ndio hadithi yenyewe. Sanduku lile analolibeba kwenye mvua, hadi akalazimika kuketi apumzike, ndilo linalomvua koti la vifungo vya shaba na kumpeleka kuhudumu chooni. Kwa fremu 24 alilibeba kama kikapu cha mboga! Hata kamera ya mpiga picha Karl Freund, iliyoteremka kwa lifti kisha ikavuka ukumbi wa hoteli juu ya baiskeli, ilionekana kufukuzwa.

Mkanda wa mita 2,036 kwa mwendo huo huisha kwa dakika 74. Kwa fremu 20 huchukua 89. Tukashusha hadi 20, picha ikaanza kupepesa: shata, kifuniko kinachozunguka ndani ya projekta, ikiwa na mabawa mawili hukata mwanga mara 40 tu kwa sekunde, na jicho hulihisi hilo. Tukafunga ya mabawa matatu, mara 60. Kupepesa kuliisha, lakini mwanga ulififia, tukaongeza nguvu ya taa.

Bado ukingo wa kushoto ulikuwa umeliwa. Kibati cha dirisha la projekta, kinachoweka mipaka ya picha, kilikuwa cha filamu za sauti, kinachofunika nafasi ya mstari wa sauti. Filamu bubu hutumia nafasi hiyo kwa picha. Tukaweka kibati cha filamu bubu, tukasogeza lenzi katikati upya.

Aliyehangaika zaidi ni mpiga piano. Kwa kawaida hubadili muziki maandishi yanapotokea kwenye skrini, na hapa mazungumzo hayaandikwi kabisa. Kuna bango moja tu la maandishi ya masimulizi, kabla ya sehemu ya mwisho. Tukampa alama nyingine: mlango wa kuzunguka, koti, taa ya mlinzi wa usiku. Bango lilipofika usiku ule, aliondoa mikono kwenye piano, akangoja mpaka wageni wa hoteli walipoanza kucheka na magazeti yao.